Malalamiko Dhidi ya Mgeni Asiyesema Ataondoka Lini

Kwa Daktari Raudha, tabibu wa mifugo, Douz

Daktari mheshimiwa,

Pokea salamu za mtu mwenye njaa. Mimi ni Belgasem, mume wa Mabruka, yule aliyekuletea Barg, mtoto wetu wa mbwa wa kuwindia sungura. Ulimwambia mbwa anayekua apewe nyama, mayai na maziwa, kidogo kidogo, mara kwa mara. Ushauri ulikuwa mwema. Ndio ulioniponza.

1. Mabruka akipakua kuskusi, mnofu wa kondoo unakwenda kwa Barg, mimi nabaki na boga. Nilipouliza, alinijibu mbele ya dada zake: "Daktari kasema mtoto anakua. Wewe umeshakua zamani, sasa unapungua tu. Kula boga."

2. Ngamia ni wangu na namkamua mwenyewe. Maziwa, wa kwanza kuyanywa ni Barg.

3. Kwetu, kama ujuavyo, mgeni hupakuliwa kwanza, wala haulizwi kilichomleta mpaka aseme mwenyewe. Mabruka alimpokea Barg kama mgeni. Binadamu angeshasema shida yake akaenda zake. Huyu miezi inapita, kimya. Nimemkoholea mara nyingi, naye ananitikisia mkia.

4. Ijumaa alikuja shemeji yangu Lazhar kutoka Kebili, akapakuliwa baada ya mbwa. Akaniuliza, "Shemeji, mwenye nyumba hii ni nani hasa?" Niliona aibu, daktari, na bado naiona.

Kwa hiyo naomba cheti chenye muhuri wako, kimojawapo kati ya hivi: ama Barg arudishwe kwenye uji wa shayiri na tende, waliokulia mbwa wa babu zetu, ama uthibitishe kwamba mimi, Belgasem, ni mtoto wa mbwa anayekua. Niko tayari kupimwa uzito, hata kuchanjwa.

Nisalimie mumeo, watoto, na yule punda unayemtibu mguu.

Wako mtiifu, tumbo likinguruma,
Belgasem bin Thameur

Tanbihi: Mabruka ametoka muda huu kwenda kwa dada yake. Kwa huruma kaniachia sahani yangu kamili, mnofu juu. Barg alikaa mbele yangu, akanitazama bila kusema kitu. Nimempa wote. Naona bado hajashiba, maskini. Kwenye hicho cheti, tafadhali, andika aongezewe na maini.