Chupa Iliyosafiri Bure

Kwa Bibi Mkuu wa Maabara ya Maji na Udongo,

Marahaba. Najibu mapema, maana nasikia unalingana na kitindamimba wangu, na shikamoo yako imechelewa njiani. Nina malalamiko:

1. Binti yenu aliyekuja kuchukua maji ya kisima changu aliijaza chupa hadi mdomoni, isibaki hata nafasi ya mbu kuvuta pumzi. Eti hewa ikiingia, mafuta yaliyomo majini yanatorokea humo. Nikakubali. Nina mke miaka arobaini, kukubali nakujua.

2. Sandukuni alikuwa na chupa nyingine, maji safi ya kwenu. Kazi yake ni kwenda na kurudi bila kufunguliwa, mjue kama gari ndilo lenye mafuta. Yaani maji yanatembezwa kwa gari, na mimi mwenye goti bovu naenda zahanati kwa mguu!

3. Majibu yametoka. Kisima changu: safi. Chupa yenu ya matembezi: petroli, na vitu vyenye majina marefu kuliko ukoo wangu. Mkasema dereva kamwaga mafuta, mkamsimamisha kazi. Dereva huyo ni mkwe wangu. Sasa anashinda kwangu akinifundisha kulisha kuku. Anaapa hakumwaga hata tone, lakini binti yangu ameanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

4. Kwa kuwa maji yangu yameyashinda ya maabara, fungeni bomba lenu, mje kuchota kwangu.

5. Na kwa kuwa mwenye maji safi ndiye anayefaa kuongoza, kiti chako nipe mimi. Goti langu linaiweza kazi ya kukaa.

La sivyo, mrudisheni mkwe wangu kazini, nami nitakusamehe kiti.

Wasalimie wote hapo, kuanzia mlinzi wa getini hadi yule binti wa chupa.

Wako mtiifu kwa kiasi,
Mzee wa Kisima

N.B. Binti alipoingia ndani kumsalimia mke wangu, nilibadilishana vikaratasi vya majina vya zile chupa mbili. Pipa la petroli nililofukia karibu na kisima limetoboka, nikaogopa mtanifungia kisima. Mkwe hana kosa. Wajukuu sasa wanachota kwa jirani. Njoeni mpime upya, maji na udongo, na gari aendeshe mkwe wangu. Nimemwambia ukweli leo alfajiri. Mpaka sasa hajaniamkia, na marahaba yangu bado inamsubiri.