Umeme wa Kinuni

Jumanne, 8 Julai
Nimepeleka posa kwa Riziki. Mudi naye kapeleka. Mudi! Ana paneli moja ya sola, anachajia watu simu hapa Mahurunga, basi anajiona injinia. Mama wa binti, Bi Somoe, kasema atajibu baada ya sherehe. Jumamosi mdogo wake Riziki anatoka unyagoni, nguzo ya umeme imeanguka, na Bi Somoe anataka kuona nani ana msaada, nani ana maneno.

Nimemweleza kwamba nishati haizaliwi wala haifi, hubadilika sura tu. Mwendo unakuwa umeme, umeme unakuwa mwanga. Kaniuliza kama nimekula.

Jumatano, 9 Julai
Wanawake wanatwanga makopa ya muhogo ya sherehe. Wawili kinu kimoja, mchi huu juu, ule chini, twi, twi! Nishati ya mwendo inapotea bure tangu enzi za mababu. Nani kaiona? Mimi.

Riziki kaninong'oneza nilete taa ya chemli tu, mama yake ataridhika. Chemli! Mtu na elimu yangu!

Nimeng'oa dainamo ya baiskeli ya kaka Faraji. Yuko Likombe, hana habari.

Ijumaa, 11 Julai
Nimefunga kamba kwenye michi yote miwili, izungushe gurudumu, gurudumu lizungushe dainamo. Asia, jirani yao, kauliza atatwangaje na mchi uliofungwa kama mbuzi. Nikamwambia atwange tu.

Taa ikawaka! Wallahi iliwaka, kufumba na kufumbua. Mara kamba zikasokotana, mchi wa Asia ukaufuata wa Bi Somoe, kinu kikaanguka, unga wote wa sherehe mchangani. Kuku wakafurahi. Bi Somoe kanifukuza na mchi hadi barabarani, kamba inaburuta. Nishati ya sauti nimeipata yote.

Jumamosi, 12 Julai
Taa za Mudi zimewaka. Kaleta na gunia la unga, mnafiki yule. Nimemwona mwali kwa mbali, nimejibanza nyuma ya mkorosho. Riziki kapita karibu, hakunitazama. Imeniuma, nisijidanganye.

Ijumaa, 25 Julai
Kesho Riziki anaolewa na Mudi. Nimealikwa, kwa sharti nisiguse kitu. Faraji anadai dainamo yake. Nimemwambia avute subira.

Jioni nimewaona wapiga ngoma wakikausha ngoma zao motoni. Ngoma nne, mikono minane, usiku kucha! Na nguvu yote ile inapotea bure.

Kamba bado ninazo.