Jinsi Linnea Quamme Alivyolinyamazisha Bomba la Joto

Njoni, enyi wenye masikio, nanyi mliojaaliwa nusu sikio tu; wekeni vijiko chini, lazeni pinde zenu magotini, mnisikilize mimi mpiga fidla ya kati, chombo ambacho hakuna mwanadamu aliyewahi kuomba kisikike zaidi, nikisimulia tendo lililotendwa Alhamisi ya pili ya Februari, saa kumi na nusu alasiri, katika ukumbi wa mazoezi wa chuo chetu kidogo cha Minnesota, theluji ikiwa imefika madirishani na dunia yote, kwa ujinga wake, ikishughulika na mambo mengine.

Ilikuwapo chuoni humo Okestra Huru ya Wanafunzi, taifa la watu kumi na wanne lisilo na mwongozaji, kwa kuwa waliotutangulia walimfukuza wa mwisho wakaapa kwamba hawatatawaliwa tena. Kila jambo tuliliamua kwa vidole gumba. Kidole juu, nimekubali; kidole kando, sipendi lakini nitavumilia; kidole chini, jambo limekufa na lizikwe, hata kama kumi na watatu wanalililia. Kwa sheria hii tukufu tulijadili wiki mbili rangi ya soksi za tamasha. Simu tuliziacha kapuni mlangoni, na mashine za kupimia sauti zilipigwa marufuku na katiba, maana mtu huru hupima kwa sikio lake. Mtaona wenyewe sikio hilo lilitufikisha wapi.

Kiongozi hatukuwa naye, ila tulikuwa na Anselm Thornquist. Huyu ndiye fidla ya kwanza, Anselm Sikio la Dhahabu, msomi wa falsafa, ambaye ukidondosha kijiko bwaloni atakutajia kimelia noti gani kabla hujainama kukiokota. Hakuwahi kujiita mkubwa wetu. Alikuwa tu anasema, nasi tunafuata.

Na nyuma kabisa, penye stendi ya noti iliyolegea shingo, aliketi Linnea Quamme, binti wa wafuga ng'ombe wa maziwa, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa biolojia, mpiga zumari wetu wa pekee. Katika tamasha zima zumari ilikuwa na mistari miwili, na mmojawapo wapiga klarineti walikuwa wameshauomba kwa adabu wakapewa. Alichobaki nacho ni ile desturi ya okestra zote: kabla ya kupiga chochote, zumari hutoa sauti moja, sauti ya A, na wengine wote hukaza au hulegeza nyuzi zao hadi waifuate. Siku moja tukipangusa theluji kwenye viatu aliniambia, "Wiki nzima hakuna mtu anayenisubiri kwa lolote. Pale tu, pumzi moja, mnanisubiri wote." Nikacheka, nikidhani ananitania.

Sasa mjue adui. Chini ya dirisha lilikaa bomba la joto, zee la chuma lililopakwa rangi juu ya rangi tangu enzi za mababu, na mwezi wa Januari likaanza kupiga mluzi kila mvuke ulipopita ndani yake. Ulikuwa mluzi mwembamba usiokata, na baada ya siku tatu hakuna aliyeusikia tena, kama mtu asivyoisikia saa ya ukutani kwao. Lakini ulikuwa juu kidogo ya A. Masikio yetu huru, yaliyokataa wafalme wote, yaliutawaza mluzi wa bomba bila hata kupiga kura. Kwa wiki tatu tulikaza nyuzi kufuata mluzi, na kila Linnea alipopuliza tulimsikia yuko chini, tukakunja nyuso tukamwonea huruma.

Ikafika Alhamisi hiyo, siku mbili kabla ya tamasha. Linnea akapuliza.

"Iko chini," akanena Sikio la Dhahabu, naye akashusha upinde kama jemadari anayeshusha bendera.

"Nimebadilisha mwanzi wa mdomoni mara mbili tangu jana," alisema Linnea.

"Mwanzi hauna kosa, dada. Jamani, sisemi kwa ubaya." Kila mtu anajua kinachofuata baada ya maneno hayo. "Wazazi wanakuja Jumamosi. Wataendesha magari kutoka mbali, kwenye barafu, waje kusikia kumi na wanne wakiwa kitu kimoja. Tutawapa nini, aibu? Napendekeza sauti ya A nitoe mimi kuanzia leo, na Linnea apumzike."

"Wazazi wangu watasinzia tu," alisema Pakou Vang, mpiga selo, "A iwe juu, iwe chini."

"Pakou, hili jambo ni zito."

"Uzito niulize mimi, niliyepanda ngazi na selo mgongoni."

"Vidole!" akaamuru Anselm, ambaye si kiongozi wetu.

Vikainuka vidole kumi na viwili juu. Cha Pakou kikalala kando. Changu, nawaambia bila kujificha, kilikuwa juu, kwa sababu njaa ilinishika na nilitaka tuanze tumalize. Hadi leo naona haya.

Kikabaki kimoja. Linnea angekigeuza chini, pendekezo lingekufa papo hapo, na wote tulilijua hilo. Lakini sauti ambayo mtu ameing'ang'ania kwa kidole, nani ataifuata kwa moyo? Huyu alikuwa hajawahi kupinga kitu, hata zile soksi za rangi ya haradali. Akaiweka zumari kando. Kisha akausimamisha mwili wote badala ya kidole.

"Kabla sijapiga kura, nalifunga lile bomba. Linapiga mluzi."

"Mluzi gani?" aliuliza Anselm. "Mimi sisikii mluzi wowote."

"Ndiyo shida yenyewe."

"Nje ni ishirini chini ya sifuri!" akalia mpiga filimbi. "Tutakufa humu!"

Ewe pumzi ya mwanadamu, nipe nguvu ya kusimulia! Akavua kofia yake ya sufu aliyofumiwa na shangazi, akaivaa mkononi iwe ngao, akapiga magoti mbele ya yule joka wa chuma na kuishika koki yake, iliyofungwa na rangi za vizazi sita. Akaizungusha kushoto, ikasogea unywele: bomba likapiga kelele zaidi, na Anselm akatabasamu kwa upole wa mshindi. Akajaribu kulia: haikutikisika. Kofia ikaanza kunuka moshi. Akaweka mguu ukutani, akanena neno ambalo kwao hutamkiwa ng'ombe peke yao, akavuta. Rangi ikapasuka. Mluzi ukashuka, ukakohoa mara mbili kama mzee anayetaka kuongeza jambo, ukakata roho.

Kukawa kimya. Hapo ndipo tulipojua kwamba kwa wiki tatu hatukuwahi kuwa na kimya.

Linnea hakurudi kukaa. Alichukua zumari akapuliza amesimama, kofia iliyoungua ikiwa imekunjwa kwapani. Sauti ikatoka nyoofu, tupu, haina wa kushindana nayo. Anselm akavuta upinde kwenye uzi wake wa A kumkosoa, na fidla ikalia juu, juu waziwazi, hata mimi mwenye nusu sikio nikajikunyata.

"Mnaona?" alisema. "Bado yuko chini."

Pakou akalaza selo sakafuni, akaenda kwenye piano, ambayo ilikuwa imefungwa kwa ufunguo tangu Krismasi na asubuhi hiyo fundi wake alikuwa amekuja kuifungua na kuirekebisha sauti kwa ajili ya tamasha. Akagusa A. Zumari na piano zilikuwa kitu kimoja.

Tulimtazama Sikio la Dhahabu.

"Basi hata piano iko chini," alisema.

"Haya," alijibu Pakou. "Ina nyuzi zaidi ya mia mbili. Anza kukaza, sisi tunakungoja."

Tulipiga kura upya, kwamba A iendelee kutolewa na Linnea. Vidole vikapanda juu, na changu nilikiinua hadi bega likauma. Cha Anselm kilikaa kando, kikavumilia.

Lakini baridi haina kura. Ndani ya dakika kumi joto lilikuwa limetoroka lote, nyuzi zikahama, tukasikika kama soko la kuku, ikabidi tusimame tuombe A upya. Na baada ya dakika kumi tena. Mashine katiba imezikataa, na piano nayo ni nyuzi tupu, zilizohama pamoja na zetu, kwa hiyo alikuwepo Linnea tu, aliyeficha zumari ndani ya sweta isipoe. Mara nane alituokoa, sisi tuliotaka apumzike.

Katibu wetu aliandika hivi katika kumbukumbu za taifa: "Bomba limefungwa. Kuna baridi." Huo ndio ushahidi wote ambao historia ingeachiwa, lau nisingekuwapo. Mimi naongeza ya mara ya tisa. Anselm alikuwa amevaa koti na skafu, vidole vyake vya bluu, akashusha upinde akasema kwa sauti ndogo, "Linnea, tupe tena."

Akaitoa zumari ndani ya sweta. Akaupangusa mwanzi, akautazama, akaupangusa tena. Tulikuwa kumi na watatu, pinde na filimbi hewani, pumzi zetu zikitoka moshi, na alituacha tusubiri zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.