Msumeno Aomba Kazi ya Kupanda Miti

Redio ya Kinyozi ilipotangaza kwamba msitu umefungwa kwa wakata miti, na kwamba wanatafutwa watu wa kuupanda upya, kijiwe kizima tulimgeukia Msumeno. Alizaliwa na jina zuri tu, ila miaka kumi na tano ya kuangusha magogo imelimeza.

Akatoa fomu mfukoni, imekunjwa mara nane. Kumbe alishaichukua tangu asubuhi.

"Fisi kaomba kulinda bucha," alisema Kinyozi.

"Wewe nawe si unakata?" Msumeno alimjibu.

"Ninachokata mimi huota chenyewe, ndugu yangu. Tena mwenye kichwa hukileta mwenyewe."

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Msumeno hakucheka. Kijito cha nyuma ya kwao kimekauka mwaka wa pili sasa, mkewe anatembea saa nzima kufuata ndoo moja ya maji, na kila akirudi humtazama mumewe bila kusema neno. Msumeno alituambia afadhali angemtukana.

Fomu ilikwama kwenye "uzoefu". Karani, mstaafu wetu mwenye kalamu, alishauri iandikwe kuwa mwombaji ameshughulika na miti kwa karibu sana. Kinyozi akataka iongezwe kwamba hakuna mti uliowahi kumshinda. Tukiwa bado tunabishana, akaja kununua kahawa yule ofisa wa misitu tunayemwita Bibi Misitu, ambaye ndiye anayeajiri. Akaichungulia fomu juu ya bega la Karani.

Alisema watu wa kupanda wapo tele, shida ni mbegu. Ametafuta mvule mkubwa wa kuokotea mbegu msitu mzima, hakuna.

"Upo mmoja," alisema Msumeno. "Nyuma ya maporomoko."

"Huo kwa nini uliuacha?"

Neno moja tu la kuuhurumia mti lingetosha kumpa kazi, na sisi wote tungekuwa mashahidi. Karani akamkanyaga mguu kumkumbusha.

"Mnyororo wa msumeno ulikatika," alisema Msumeno. "Nilipanga kurudi kesho yake, mvua ikasomba daraja."

Kinyozi akajifunika uso kwa taulo.

"Wiki hii nimehoji watu arobaini," alisema Bibi Misitu, "na wote wanapenda miti tangu utotoni. Nikawa najiuliza, sasa huu msitu umekatwa na nani? Jumatatu alfajiri unipeleke kwenye huo mvule."

Msumeno aliacha kahawa yake hapo hapo, akashika njia ya nyumbani mbiombio. Alikuwa na neno la kumwambia mkewe.