Moduli Haikupatikana

Jumatatu, 3 Machi

Mtandao umekufa. Jana kompyuta iliniomba ruhusa ya kujisasisha, nikaipa bila kusoma ilichoandika. Mimi! Msahihishaji mstaafu wa kiwanda cha uchapaji, niliyelipwa maisha yangu yote kusoma mpaka koma.

Kompyuta yenyewe si yangu. Ni ya Kitinda, binti yetu wa mwisho. Aliiacha chumbani kwake alipoolewa na kuhamia nchi ya mbali, ambako anatunza mitambo ya kompyuta ya kampuni fulani. Mfumo wake ni Linux, aliuweka kwa mkono wake. Mimi huingia humo kila asubuhi, nakaa kwenye kiti chake kinacholia, nasoma magazeti na kuyatafutia makosa.

Mke wangu akamtajia tatizo kwenye simu. Hapo likatokea jambo geni. Kitinda akasema, "Nipe Baba."

Mke wangu alinikabidhi simu kama mtu anayemwachia mgeni funguo za nyumba. Kwa kawaida nikipokea mimi huambiwa, "Shikamoo, Baba. Mama yupo?" Maneno manne, nimeyahesabu. Leo tumeongea mpaka mboga zikaungua jikoni. Alinieleza kwamba kerneli ndiyo moyo wa mfumo, na moduli ni vipande vidogo ambavyo moyo huo huviita ili uelewane na vifaa: cha sauti, cha picha, cha mtandao. Sasisho limeleta moyo mpya. Kidude chetu cha mtandao kinategemea moduli aliyoitengeneza yeye kwa ajili ya moyo wa zamani. Ndiyo maana mashine inalalamika kwamba moduli haikupatikana.

Nikamsomea lalamiko zima, pamoja na mikwaju na nukta pacha. Akacheka. Kicheko kile kile kinachoanzia puani. Tukawasha kwa kerneli ya zamani, tukapata mtandao, tukaitengeneza moduli upya kwa ajili ya ile mpya. Akasema nimekuwa fundi.

Mboga tumekula hivyo hivyo, zimeungua. Sijapata kula tamu kama zile.

Jumanne, 4 Machi

Mtandao unafanya kazi vizuri. Siku mbaya sana.

Kitinda alipiga jioni. Nilikuwa wa kwanza kuifikia simu, nimekaa nayo mapajani tangu chai. Nikamwambia moduli haijambo. Akasema vizuri sana, Mama yupo?

Waliongea hadi nikamaliza gazeti, nikarudia matangazo ya vifo. Mke wangu anacheka, anasema "weee", anashusha sauti, anacheka tena. Alipomaliza nikamuuliza Kitinda anasemaje. Akasema hajambo.

Mazungumzo yote yale, mimi nimeletewa neno moja.

Nimewaza. Mtoto huyu nilimfundisha kusoma kwa karatasi za majaribio za kiwandani. Akiwa na miaka sita aliniletea barua ya shule akinionyesha kwamba mwalimu mkuu amekosea nafasi ya koma. Tulikuwa marafiki. Sijui ni lini nilihamishwa nikawa mpokea simu.

Nimewaza zaidi. Jana hakuna aliyemlazimisha kuniita. Moduli ndiyo iliyomlazimisha.

Jumatano, 5 Machi

Mpango umepatikana. Linux ina faili ambamo ukiandika jina la moduli chini ya marufuku, mashine ikiwaka haitaiita. Mstari mmoja tu. Hakuna kinachovunjika. Si uharibifu, ni kama likizo.

Jina la moduli yetu limejaa herufi na tarakimu kama namba ya gari, na katikati lina kistari. Nikajiuliza: kistari cha chini au cha katikati? Nimesoma kwamba vyote sawa, mfumo haujali. Nimeudhika. Wenzangu kiwandani walihamishwa idara kwa kosa dogo kuliko hilo.

Nikaandika mstari wangu. Nikazima, nikawasha. Mtandao hakuna. Nikaenda jikoni na uso wa mfiwa, nikamwambia mke wangu limerudi lile tatizo. Akanitazama zaidi ya nilivyopenda, yaani moja kwa moja machoni. Akapiga.

Kitinda akaja hewani. Nilikuwa nimevuta kiti, nimeweka na glasi ya maji, tayari kwa mazungumzo ya saa nzima. Akaniambia niandike modprobe, yaani amri ya kuita moduli, kisha jina lake, kisha nibonyeze. Nikabonyeza. Mtandao ukarudi hapo hapo. Akasema basi, imekaa, ana kikao.

Kumbe marufuku inaizuia mashine isiiite moduli kwa hiari yake tu. Mtu akiiita mwenyewe kwa jina, inakuja mbio.

Mke wangu alikuwa mlangoni na kitambaa cha vyombo. Akauliza, kwa hiyo ukiiita tu inakuja? Nikamwambia haya ni mambo ya kitaalamu.

Alhamisi, 6 Machi

Leo sikuleta mzaha. Nililiondoa faili lenyewe la moduli mahali pake, nikalificha kwenye folda ninamowekea makosa ya magazeti, nikalipa jina lingine. Sasa Kitinda aiite atakavyo.

Nikaripoti. Kitinda akasema yuko kazini, mambo yamemzidi, lakini nisiwe na wasiwasi. Halafu nikasikia sauti nzito: "Shikamoo, Baba. Poleni sana na matatizo."

Mkwe!

Sina ugomvi na mkwe wangu. Ni kijana mwema. Anatengeneza samani, leo yuko nyumbani, na anaongea kama anayepiga msasa: taratibu, kisha anapitia tena palepale. Alitaka kujua kwanza afya yangu, ya mama, na kama kiti nilichokalia kinanifaa mgongo. Kisha akaanza kuyasoma maelekezo aliyoachiwa na Kitinda, neno kwa neno. Akaniomba nitafute faili. Nikatafuta kila mahali isipokuwa lilipo. Akasema pole. Nikatafuta tena. Akasema pole tena. Ilibidi nihangaike kweli kweli ili nisikike nikihangaika, na kufikia alasiri shati limeloa.

Katika kusubiri hiki na kile, akaniambia jambo. Kwamba Kitinda huwaigizia wenzake kazini namna ninavyosoma makosa: mkwaju, nukta pacha, nafasi. Kwamba juzi aliigiza mezani kwao mpaka akatokwa na machozi, na baadaye akawa anaosha na kuosha sahani moja ile ile.

Nikamwomba arudie. Akarudia, taratibu, na nilishukuru kwa mara ya kwanza kwamba ndivyo anavyoongea.

Mwisho tukaitengeneza moduli upya na mtandao ukarudi. Akanipongeza. Nikampongeza. Mpango umefeli kabisa, ila ile sahani sijaacha kuiwaza.

Ijumaa, 7 Machi

Ujumbe mrefu kutoka kwa Kitinda, kwangu mimi, si kwa mama yake. Anasema ameona ninavyoteseka wiki hii. Anasema ameamua kulimaliza tatizo moja kwa moja: ataweka utaratibu ambao kila kerneli mpya ikija, moduli itajitengeneza yenyewe. "Isikusumbue tena, Baba."

Nikajibu kwamba "moja kwa moja" ameiandika bila nafasi. Nilikuwa na mengine ya kusema, lakini hilo ndilo lililotoka.

Akanielekeza nifungue lile dirisha jeusi la kuandikia amri, niandike mstari mmoja, kisha nikae pembeni. Nikakaa. Mara herufi zikaanza kutokea zenyewe kwenye kioo. Yuko huko mbali, lakini anaandika humu, chumbani kwake, mbele ya kabati lenye stika zake. Anaandika haraka, anakosea, anafuta, anarudia. Ndivyo alivyokuwa akifanya kazi za shule. Nilisogeza kiti karibu. Nikatamani kuona mikono.

Alipotulia kidogo, nikanyoosha kidole nikaandika: habari za kazi mwanangu.

Mashine ikajibu kwamba amri "habari" haijulikani.

Kisha zikaja herufi moja moja: Baba, usiguse.

Nikaondoa mkono. Akamaliza, akaandika asante, dirisha likatulia. Niliendelea kukitazama kile kialama kinachowaka na kuzimika mpaka mke wangu akaniita nikale. Nikamwambia nakuja. Nilikuwa nikisubiri endapo angesahau kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Moduli sasa inajitengeneza yenyewe. Ukiificha, inatengenezwa upya. Binti yangu ni fundi hodari na hilo linaniumiza.

Basi nimetumia nguvu. Kila kerneli ina folda yake ya moduli. Nikaifuta folda nzima ya kerneli mpya. Mashine iliniuliza kama nina hakika. Msahihishaji haulizwi swali hilo.

Nikazima, nikawasha. Ikaanza kumwaga mistari: imeshindwa kupakia moduli, imeshindwa hiki, imeshindwa kile. Kisha ikagoma hapo hapo, kioo cheusi, haiendi mbele wala nyuma.

Hapo ndipo nilipokumbuka kilichomo ndani. Picha zake za shule. Insha zake. Sauti yake aliyojirekodi akisoma taarifa ya habari ya kubuni, akiwa hana meno mawili ya mbele. Nikakaa kitandani kwake juu ya shuka ambayo mke wangu huibadilisha kila wiki ingawa hailaliwi.

Mke wangu akaingia. Akaangalia kioo, akaniangalia mimi. Akauliza, "Umemaliza?"

Akachukua simu, akatoka nayo ukumbini, nikamsikia akisema bila hata kupunguza sauti, "Baba yako anaivunja kompyuta ili umpigie. Wiki nzima sasa. Mimi nimechoka kula vilivyoungua."

Kisha simu ikaletwa kwangu.

Sikuhesabu maneno leo. Kwanza aliniambia nizime, niwashe, na kwenye menyu nichague kerneli ya zamani. Ikawaka. Kila kitu kipo, picha zipo, sauti ipo. Ile folda niliyofuta ni ya kerneli moja tu, nyingine haikuguswa. Nilipumua.

Kisha akasema, "Baba, si unipigie tu."

Nikamwambia nilikuwa napima uimara wa mfumo.

Akasema, "Kesho asubuhi nipigie wewe. Si kwa ajili ya kompyuta. Mimi na wewe tu." Sauti yake haikuwa ya hasira. Ingekuwa ya hasira ningejua la kujibu.

Jumapili, 9 Machi

Nimenyoa ndevu. Nimepiga pasi shati la mistari. Mke wangu akauliza kama simu hiyo ina macho. Nikamwambia aende bustanini.

Nilijiandaa vizuri. Nimuulize habari za ile sahani. Nimwambie kiti chake bado kinalia na nimekataa kukitia mafuta. Nimwambie mwalimu mkuu wa ile barua alistaafu, nilikutana naye benki, na nilitaka sana kumkumbusha koma. Nimwambie nyumba ina vyumba vingi mno.

Nikapiga. Akapokea mlio wa kwanza.

Shikamoo, Baba. Marahaba, mwanangu. Hujambo? Sijambo. Kazi? Nzuri. Mkwe? Yupo, anakusalimu. Huko mvua? Imenyesha jana. Hapa pia.

Kisha basi. Nikamsikia anavyopumua. Nikasikia kifuniko cha sufuria, mkwe akipita na kukohoa kwa heshima. Yeye akisubiri. Mimi nimejaa mpaka kooni, nikitafuta neno la kwanza tu, mengine yangefuata. Nimesahihisha maneno ya watu maelfu kwa maelfu. Langu moja sikulipata.

Akasema, "Baba? Upo?"

Nikasema nipo. Nikasema, "Ngoja nikupe mama."

Mke wangu aliipokea simu akiwa na udongo mikononi. Nilikaa ukumbini na shati langu la pasi, nikasikiliza kicheko kupitia mlango. Kilichelewa kidogo kuanza leo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari kwa kina, na nakiri nilikosea. Kuharibu kifaa kizima ni ushenzi. Ni hatari, kunamtia mke wangu hasira, na kungeweza kupoteza sauti ya mtoto. Sitarudia.

Asubuhi nikaenda kwa muuza vifaa vya mitumba, yule wa karibu na kituo cha mafuta. Nikamuuliza kama ana kamera ya kuwekea kwenye kompyuta. Akanionyesha tatu. Nikamwambia yangu ni Linux. Akaziweka pembeni mbili, akashika ya tatu, akanionya kwa uaminifu kabisa kwamba hii moduli yake ni ya shida, wateja wawili wameirudisha, mmoja akiwa mhandisi, hakuna aliyefanikiwa kuiwasha.

Nikamwambia ndiyo hiyo.

Akarudia, akidhani sikusikia vizuri. Akasema huenda ikanichukua miezi. Nikamuuliza kama ana uhakika na hiyo miezi. Akasema anao.

Nikamwomba aifunge kwa magazeti, tabaka mbili. Isije ikapata nafuu njiani.