Ua la Futi Elfu Tatu na Mia Tano

Jumatatu, 5 Julai 1954
Bwana, Mzungu wetu mtafiti wa mimea, anataka ua la mwitu, lile la zambarau linalotambaa juu ya miti. Alfajiri linafunguka, adhuhuri limeshanyauka. Kwa hiyo lichumwe alfajiri. Msituni! Mimi mtu wa pwani, wa Kigombe, nimezoea kumwona anayenijia tangu yuko mbali. Nimeingia hatua ishirini, kitu kikapiga ukelele juu ya kichwa changu. Nimerudi na kiatu kimoja. Eliudi, mkusanyaji mwenzangu, Msambaa, anasema ni perere tu, mnyama wa kiasi cha sungura. Sungura gani ana sauti ile? Bwana amesema nikija tena mikono mitupu, kazi basi. Nami kwetu niliaga kwa mbwembwe nyingi. Sirudi.

Jumanne, 6 Julai
Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nyuma ya jiko Mama Praxeda, mpishi wetu, amepanda matembele ya viazi vitamu. Yanatambaa. Maua zambarau. Yanafunguka alfajiri. Nimechuma, nimeyabana kati ya magazeti makuukuu, nimeandika karatasi ya maelezo: Msituni, kando ya kijito, futi 3,500. Mkusanyaji: Idarusi bin Sadalla. Eliudi hana hati nzuri kama yangu.

Alhamisi, 8 Julai
Balaa. Bwana amefurahi. Amelitazama kwa kioo cha kukuzia, akasema kwa jani angedhani ni kiazi kitamu, lakini karatasi imesema msituni, futi 3,500, na msituni hakuna apandaye viazi. Basi ni ndugu yake wa mwitu, na hajapata kuandikwa popote. Jumamosi nimpeleke akaone. Mchana amekula matembele sahani mbili, akamsifu Mama Praxeda.

Ijumaa, 9 Julai
Nimerudi kutoka sala, nimekata marando kumi na mawili ya matembele, nimeingia msituni kuyapanda. Panga mkono mmoja, mzigo mkono mwingine, Ayatul Kursi mdomoni, na kila nikifika katikati naisahau. Kijito nimekipata kwa kutumbukia. Nikawa nayapanda, nikasikia mtu anahema nyuma yangu. Nikaacha kuhema nisikilize. Naye akaacha. Ikabidi nihame upande wa pili wa kijito, naye akanifuata. Nilipofika nyumbani ndipo nilipotambua kwamba ni mimi.

Jumamosi, 10 Julai
Nguruwe! Katika wanyama wote wa Mungu, nguruwe. Wamefukua kila kitu, hapana hata jani. Bwana alipiga magoti kwenye matope. Nilingoja kufukuzwa. Kumbe analia. Anasema lilikuwa la mwisho duniani, nasi tumechelewa kwa usiku mmoja. Eliudi akaokota kikonyo kilichotafunwa, akakinusa, akanitazama. Kisha akaniambia polepole: “Kaka Idarusi, hili kwetu tunaliunga kwa karanga.” Hakumwambia Bwana. Lakini anaweza kusema wakati wowote, na hilo linanitisha kuliko chui.

Jumatatu, 12 Julai
Bwana ameamua. Barua imekwenda Ulaya, jina langu limo. Kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyeliona ua hilo hai, nitapiga hema pale kijitoni mwezi mzima, nilitafute kila alfajiri. Peke yangu. Nikamwomba Eliudi twende wote. Akasema hawezi, yeye hajui ua lenyewe linavyofanana.

Nikaamua kuungama. Nikafika hadi mlangoni kwa Bwana, mkono juu kabisa kubisha. Hapo akili ikanijia. Kosa langu halikuwa uongo. Kosa langu ni kwamba nilimwachia Bwana kitu cha kwenda kutazama. Akipata ua jingine kubwa zaidi, la zambarau atalisahau, na hema pia. Mama Praxeda ana mche wa boga umetoa ua la manjano, pana kama sahani. Limeshakaa kwenye magazeti. Futi 4,000, juu ya mwamba. Na safari hii nimeandika kabisa: lilikuwa moja tu, nami nimeling'oa na mizizi yake.