Jumamosi Ile Nilikuwa Wapi

Jumatatu, 2 Machi 1998
Polisi kaja saluni na karatasi, mbele ya wateja! Hardy, mume wangu, amesema kortini kwamba Jumamosi jioni nilimpiga mwiko kichwani, nyumbani kwetu mtaa wa Queensburgh. Uongo mtupu! Kichwa alikipasua mwenyewe kwenye mlango wa taxi. Anataka nitolewe, abaki na flati na mtoto wetu Yvette. Kesi ni Ijumaa. Sijala.

Shida iko moja. Jumamosi nilikuwa mtaa wa Overport, saluni kwa Goreth, yule Mrundi anayeninyang'anya wateja. Nilivaa miwani ya jua, nikajifanya nina mafua, nikasukwa mpaka giza ili nimwibie mtindo. Tayari wateja wanausifia. Nimesema nimeubuni mimi. Na ni mimi niliyetangaza mjini kwamba Goreth anaunguza watu vichwa! Niseme nilikaa kwenye kiti chake? Bora kufa.

Jumanne, 3 Machi
Akili imekuja! Colette, anayesuka nami saluni, ataapa kwamba tulikuwa mazoezi ya kwaya. Ameuliza kwa nini nisiseme ukweli tu. Nimemjibu ukweli ni wa watu wasio na biashara. Amekubali, ila anadai likizo ya Pasaka. Mnyonyaji!

Alhamisi, 5 Machi
Balaa. Pasta kapita kulalamika: Jumamosi hakuna mwanakwaya hata mmoja aliyefika mazoezini. Colette akanitazama. Basi, tulikuwa hospitali tukimwombea mgonjwa. Mgonjwa wa nini? Tumebishana hadi kufunga. Yeye anataka malaria, mimi mguu uliovunjika.

Yvette ameuliza kesho atalala kwa nani. Nikajifanya natafuta kitana.

Ijumaa, 6 Machi
Hardy kaja na bandeji kubwa kama kilemba. Colette kaapa kwamba tulikuwa hospitali. Hakimu akauliza mgonjwa alikuwa na nini. Malaria ya mguu! Mkalimani wa Kiswahili akamwomba arudie. Akarudia. Hardy akatabasamu. Akilini nikamwona Yvette akibeba begi lake kwenda kwa baba yake.

Mara mlango ukafunguka: Goreth! Colette alimpigia simu jana bila kuniambia, msaliti mtakatifu. Goreth akaapa, akasema taratibu, "Mheshimiwa, huyu mama alikuwa kwangu mchana wote hadi usiku. Nilimtambua alipoingia tu. Kazi yangu hiyo hapo kichwani mwake."

Hakimu akaniambia nigeuke. Nikageuka. Korti nzima ikanitazama kisogo. Hardy akaanza kubadilisha siku: labda ilikuwa Ijumaa, labda Alhamisi. Ombi lake likatupwa.

Nje nikamuuliza Goreth kwa nini alikuja. Akasema, "Mama Yvette, tunagombania wateja. Hatugombanii mtoto." Nililia barabarani, pale kwenye robot, zile taa za kuongozea magari, watu wakinipita. Nikamwapia sitasema uongo tena.

Jumamosi, 7 Machi
Hardy kahamia kwa kaka yake. Yvette kalala kitandani kwangu, miguu yote juu ya tumbo langu. Raha!

Pasta anataka nitoe ushuhuda kanisani kesho. Nitasema malaika alishuka kortini. Goreth simtaji; wateja wangu wote wanasali pale.

Sasa hivi Pasta kapiga simu: amemwalika Goreth naye aje kusimulia. Eish! Nimemtuma Colette Overport mbio, akamwambie ibada imehamishiwa mji wa mbali, Pietermaritzburg.